Kaburi Moja Ubavuni mwa Altare

Anayetaka hadithi yenye jibu mwishoni aondoke sasa, maana hii haina, na sitaitungia jibu ili watu wakalale vizuri. Mliobaki, sogeeni. Nitawapa watu watatu, taa moja na kaburi moja. Nikimaliza mtabishana, na mimi nitakaa pembeni niwatazame.

Namihonga ni jimbo kongwe. Lilikuwapo kabla ya reli, kabla ya boma, kabla hata ya mtu yeyote kuchora mpaka kati yetu na wenzetu wa ng'ambo ya mto. Kanisa kuu lake ni la mawe na matofali ya kuchoma. Waliolijenga walibeba mawe hayo kichwani kutoka mtoni, ingawa kwenye picha zilizotundikwa ukutani mwa sakristia, chumba wanamovalia mapadre, utaona maaskofu tu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na fimbo yake. Huko kwenye picha hatutakaa. Tuwaangalie watatu ambao hawamo.

Wa kwanza aliitwa Desideri Nchimbi, katekista, ambaye watu walimwita Mwalimu. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Akiongoza Njia ya Msalaba, hata wanaume walioingia kanisani kukimbia jua walijikuta wanafuta macho. Akisuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, wagomvi waliondoka kila mmoja akidhani ameshinda yeye. Alikuwa na mwana mmoja tu, Blasio, kijana wa mabega mapana ambaye hakurithi hata robo ya maneno ya baba yake.

Wa pili aliitwa Kresensia, mjane. Kipaji chake kilikuwa mikono. Alilima ufuta pale ambapo wengine walivuna mawe, na akiukamua, mashudu yaliyobaki hata kuku waliyasusa, kwa sababu hakuwaachia kitu. Alikuwa na binti mmoja, Taresia, na kwa desturi jina la Kresensia likasahaulika. Alikuwa Mama Taresia.

Wa tatu aliitwa Zenobi, mtunza sakristia, mdogo wake marehemu mume wa Mama Taresia. Kipaji chake kilikuwa kimya. Najua kuna watakaosema kimya si kipaji. Hao hawajawahi kuweka siri mikononi mwa mtu. Zenobi hakuoa. Mtoto aliyempanda mgongoni na kumvuta masikio alikuwa Taresia, na Taresia alimwita baba mdogo, na akitaka kitu, alimwita baba tu.

Sasa taa. Kwa asiye Mkatoliki, nieleze. Juu ya altare kuna kijumba kidogo chenye mlango na ufunguo, kinaitwa tabernakulo. Ndani yake huwekwa hostia, ile mikate myembamba iliyokwisha kubarikiwa katika Misa, na Wakatoliki tunaamini kwamba Bwana mwenyewe yumo. Kwa hiyo mbele yake huwaka taa nyekundu usiku na mchana. Ukiingia kanisani ukaikuta inawaka, unapiga goti, maana mwenye nyumba yupo.

Wakati ule askofu alikuwa Gerwini, Mjerumani mrefu mwenye sauti ya kuamrisha hata alipoomba apitishiwe chumvi. Vita vya Wazungu vilipofika kwetu, kana kwamba kwao hakukuwa na uwanja wa kutosha, Wajerumani walirudi nyuma na Waingereza wakashika nchi. Asubuhi moja askari wakaja kuwachukua mapadre wote, na masista wao, na Askofu mwenyewe, kwenda kifungoni pwani.

Walipewa muda wa kufunga mizigo tu. Askari mmoja alikitamani kikombe cha dhahabu kilichokuwa na hostia, basi Askofu akazimimina ndani ya kikasha cha mti, akakifunika kwa kitambaa, akakisukuma ndani ya tabernakulo, akafunga, na ufunguo akampa Zenobi.

"Taa hii isizimike mpaka nirudi," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Huu ufunguo unautunza tu. Mkono usio wa padre haugusi kilichomo."

"Ndiyo, Baba."

"Na mafuta yawe ya ufuta. Ya mnyama siyataki. Ya nyonyo yanafuka moshi, yataharibu dari."

"Ndiyo, Baba."

Basi. Neno juu ya wagonjwa hakuna. Juu ya watoto hakuna. Juu ya njaa, ambayo kila mtu aliiona inakuja kwa kuwa majeshi yote mawili yalikuwa yamekwisha kufagia maghala, hakuna. Mkuu wa jimbo kongwe aliondoka akiwa na wasiwasi na dari. Naendelea.

Baada ya muda usio mrefu akapita afisa wa Kiingereza na mkalimani wake, akitafuta mahali pa kuhifadhi mahindi ya jeshi. Akaliona kanisa, akapenda paa lake.

"Toeni mabenchi," akasema.

Desideri akasimama mlangoni. "Nyumba hii ina mwenyewe, Bwana."

"Yuko wapi?"

"Yumo ndani."

Afisa akachungulia. "Mbona simwoni mtu?"

"Taa unaiona?"

"Naiona."

"Sasa, Bwana, nani anayewasha taa mchana kweupe katika nyumba isiyo na mtu? Hata sisi mnaotuita washenzi hatumwagi mafuta namna hiyo."

Mkalimani alicheka kabla hajatafsiri. Afisa alipotafsiriwa, naye akacheka.

"Umeshinda," akasema. "Nyumba yenye taa ina mwenyewe. Lakini nitapita tena, na watu wangu watapita. Siku tukiikuta imezimika, naweka mahindi yangu." Kisha akainua fimbo akamwonyesha Blasio aliyekuwa amesimama uani. "Na huyu, ana mwenyewe?"

"Ni mwanangu, Bwana."

"Ghala naweza kulipata kwingine. Kinachonipungukia ni wapagazi. Haya, Mwalimu, chagua. Nichukue mabenchi au mabega?"

Watu wote walimtazama Desideri. Huyu ndiye aliyekuwa anaweza kumrudisha mwizi na mbuzi aliyemwiba, mwizi akaomba radhi. Blasio naye alimtazama.

"Baba," alisema, "si wewe ndiye unayejua kusema? Sema basi."

Desideri aliitazama taa, halafu akatazama miguu yake. Hakusema.

Blasio akatwikwa sanduku la risasi na kuondoka na safu ya wapagazi. Wenzake waliorudi walisimulia kwamba alishikwa na kuhara damu, akaanguka mahali penye tope, na safu haikusimama. Hakuna aliyeweza kusema ni wapi. Kaburi hana.

Huyo ni wa kwanza. Mwekeni moyoni, msimwamue bado.

Mvua za kwanza baada ya Blasio kuondoka, Zenobi alikuwa akifagia nyuma ya altare alipoona njia ya udongo. Mnaijua ile njia ya mchwa, nyembamba kama mshipa, inayopanda ukutani wakati wewe unadhani mambo ni salama. Ilikuwa imepanda mguu wa altare na kuingia nyuma ya tabernakulo, ambayo ilikuwa ya mbao.

Alinawa mikono. Akapiga magoti. Akafungua.

Kitambaa hakikuwapo. Kikasha kilikuwa kimebaki ganda. Hostia hata moja haikuwapo. Palikuwa na udongo mwekundu wenye unyevu, na mchwa wakipishana katika shughuli zao. Wao ndio waliopokea komunyo ya mwisho Namihonga.

Zenobi alijua maana yake, kwa kuwa alikuwa amehudumu altareni tangu utoto wake. Mapadre hawakuacha hostia zikae muda mrefu. Walizila na kuweka mpya, maana Kanisa linafundisha kwamba mkate ukiharibika hata ukaacha kuwa mkate, Bwana hayumo tena. Taa ikiwaka mbele ya tabernakulo ile, ilikuwa inawakia udongo.

Nje, watu walikuwa wamekusanyika kusali rozari. Desideri alikuwa anaongoza. Alikuwa amekonda tangu mwanawe aondoke, lakini sauti ilikuwa ileile, na kila alipomaliza fungu moja aliinua macho kuelekea mlangoni, kwenye ile nukta nyekundu, kama mtu anayehakikisha kwamba alichonunua bado kipo.

Zenobi aliwaua mchwa, akafuta njia yao, akafunga mlango, akaongeza mafuta. Kisha akatoka akapiga magoti pamoja na wengine. Hakumwambia mtu.

Huyo ni wa tatu. Nimemtanguliza mbele ya wa pili kwa sababu mambo yalitangulia hivyo, na mtaona kwa nini ni lazima mjue ni lipi lilitangulia.

Njaa ikaja. Watu wakala mizizi, wakala ngozi za viti. Mashamba ya bonde zima yalikauka isipokuwa ule ufuta wa Mama Taresia, na mafuta ya ufuta yalikuwa hayo tu. Kila aliposhindika kwa kinu chake, majirani walisikia mlio wake wakanyamaza. Hakuna aliyemwomba. Walijua ni ya taa, na walijua afisa anaweza kupita, na kwa njaa ile, jambo pekee lililokuwa bado lao lilikuwa nyumba ile. Yeye mwenyewe alikula magamba ya mihogo kama wao. Taresia pia.

Siku moja Taresia aliutia mkono kwenye mdomo wa kibuyu, akalamba kidole.

"Taresia! Hayo ni ya Bwana."

"Bwana anakula mafuta, mama?"

"Hali. Anakaa kwenye mwanga wake."

"Basi simwibii chakula," alisema mtoto.

Mama alicheka, halafu akamfuta mkono kwa kanga yake, kidole kwa kidole.

Homa ile kuu ya mwisho wa vita ilipofika, ilimkuta Taresia mifupa mitupu. Zenobi alikuja kuchukua mafuta kama kawaida yake. Akamkuta mtoto amelala juu ya mkeka mlangoni, macho makubwa kuliko uso.

"Baba," alisema Taresia.

Zenobi alichuchumaa akamshika mguu. Kisha akasukuma kibuyu kumrudishia mjane.

"Shemeji, leo taa ina mafuta ya kutosha. Haya mtilie mtoto kwenye uji."

"Ya kutosha mpaka lini?"

"Ya kutosha."

"Afisa akipita kesho?"

"Shemeji, mtilie mtoto. Mimi nakwambia."

Mama Taresia alimtazama kwa hasira. "Mume wangu alikufa akiwa ameushika msalaba. Mwalimu Desideri ametoa mwana. Mimi nitoe nini, visingizio? Unaniletea majaribu, Zenobi, na wewe ndiye mwenye ufunguo!"

Pale ndipo angesema. Kila anayeisikia hadithi hii humpigia kelele hapo hapo: sema! Alifungua mdomo. Akaufunga. Akakiacha kibuyu kizingitini na kuondoka mikono mitupu.

Mama Taresia alikichukua kile kibuyu, akakipeleka kanisani kwa miguu yake mwenyewe, akaimiminia taa mpaka ikajaa.

Taresia alikufa wiki hiyo. Kama kijiko cha mafuta yale kingemwokoa, mimi sijui, na daktari hakuwapo wa kusema. Alizikwa mwisho wa shamba la ufuta, katika shimo fupi, maana watu hawakuwa na nguvu za kuchimba, bila jeneza na bila padre. Fisi walikuwa wengi mwaka ule. Kila jioni mama yake alipeleka matawi ya miiba kufunika pale.

Askari wa afisa walipita, si mara moja. Kila walipopita walichungulia, wakaona taa, wakaenda zao. Misheni nyingine zilizoachwa ziligeuzwa maghala, na moja ikawa zizi la nyumbu. Namihonga ilibaki kanisa.

Miaka ikapita, mpaka watu wakaanza kusema kwamba Askofu amekwisha kufa huko alikopelekwa. Kisha akarudi, amezeeka, anatembea kwa mkongojo, ile sauti ya kuamrisha haipo tena. Watu walimpokea kwa ngoma. Akaingia kanisani, akaona taa inawaka, akaanguka kifudifudi akalia kama mtoto.

Alipoinuka alikula kiapo. Askofu gani anakula kiapo kabla ya kuuliza? Huyu.

"Kushoto kwa altare hii," alisema, "amelala askofu wa kwanza wa jimbo. Kulia pameachwa kwa ajili yangu. Sipataki. Naapa mbele ya Mungu: hapo litawekwa jiwe lenye jina moja, la yule aliyeitunza taa hii, au la yeyote atakayemtaja yeye badala yake. Na jina hilo litatajwa katika sala ya marehemu kila Misa itakayosomwa hapa, maadamu jimbo hili lipo."

Kisha akanyoosha mkono kwa Zenobi apewe ufunguo. Akafungua tabernakulo mbele ya watu wote.

Ukiacha wale mchwa, Zenobi alikuwa ameacha kila kitu mle ndani kama alivyokikuta siku ile. Udongo ulikuwa umekauka.

"Tangu lini?" Askofu aliuliza.

"Tangu mvua za kwanza, Baba, baada ya nyinyi kuondoka."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Mama Taresia alikuwa amesimama mbele, upande wa wanawake. Hakupiga kelele. Alisogea mpaka akawa karibu naye kabisa.

"Kabla ya Taresia?"

"Kabla, shemeji."

"Siku ile mlangoni?"

"Nilijua."

"Alikuwa anakuita baba."

Kina mama wakamshika mwenzao mikono, ingawa hakuwa ameinyanyua.

Askofu akaketi kwenye ngazi ya altare kama mtu aliyekatwa miguu. "Kosa ni langu," alisema. "Nilipaswa kuzila hostia zile kabla ya kuondoka, au kuwagawia ninyi. Ndiyo sheria. Nilizishika kwa mikono hii wakati nazihamisha. Askari walikuwa mlangoni. Nilisahau."

Mama Taresia akageuka. "Ulisahau, Baba?"

"Nilisahau, mwanangu."

"Mafuta ya nyonyo uliyakumbuka."

Ndipo Kasiani, fundi wa mawe, mtu asiyeweza kuvumilia kimya hata msibani, akauliza: "Baba, kiapo kiko palepale? Maana jiwe ninalo, na patasi ninayo. Nichonge jina gani?"

"Kiapo hakirudi," alisema Askofu. "Semeni wenyewe. Nitasikiliza."

Desideri alisimama. Ulimi ulikuwa umemrudia.

"Baba Askofu, Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, Amina."

"Lisingekuwa neno langu, leo ungekuta hapa panya na magunzi. Taa ilikuwa inawaka, ndiyo, lakini afisa hakuja kuitazama taa. Alikuja kutoa mabenchi. Aliyemfundisha kuitazama ni mimi. Neno hilo nililipia. Simtaki mtu anionee huruma. Lakini mwenzangu hapa, akitaka kulia, ana shamba la kwendea. Mimi nielekee wapi? Mashariki? Kusini? Mwanangu hana hata mfupa. Nipeni jiwe nimwandike Blasio, ili awe na mahali."

Watu wakaguna kukubali. Mama Taresia akasubiri mguno ukaisha.

"Mwalimu," alisema, "neno lako lilikuwa moja, siku moja. Afisa alirudi mara ngapi? Alipochungulia hakukusikia wewe. Aliona mafuta yangu. Wewe mwanao alichukuliwa na mwenye bunduki. Wa kwangu nilimnyima mimi, na kibuyu mkononi. Ulinyamaza mara moja. Mimi nilikataa kila siku. Kaburi unalosema ninalo, fisi wanalijua vizuri kuliko wewe. Sitaki sala nyingi. Nataka nimtoe pale, nimlete chini ya jiwe ambalo mnyama hawezi kuliinua. Mwandikeni Taresia."

Hakuna aliyeguna. Kulikuwa na vilio tu huku na huko.

"Na Zenobi?" Askofu aliuliza.

"Mwongo!" sauti moja ilisema nyuma. "Muuaji!" ikafuata nyingine.

Kasiani akapiga patasi juu ya benchi. "Ngojeni kwanza, mbona mnabweka? Hawa wawili waliitunza taa wakijua Bwana yumo. Nani asingeitunza? Hata mimi ningeitunza. Huyu aliiwasha kila siku akijua hayumo. Alikuwa anamwashia nani? Aliwawashia ninyi! Angesema, mngekwenda zenu siku ileile, na sasa tusingekuwa na altare ya kugombania ubavu wake."

"Aliiwasha kwa mafuta yangu," alisema Mama Taresia.

Kasiani akakaa.

"Kwa nini hukusema, Zenobi?" Askofu aliuliza. "Si kwangu. Kwake."

Zenobi akajibu. Huenda yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema mbele ya watu.

"Nilipofungua, Blasio alikuwa amekwisha kwenda. Nikatoka nikamkuta Mwalimu anasali. Ningemwambia nini? Kwamba umemtoa mtoto ili tulinde chungu cha mchwa? Nikasema moyoni, mmoja amekwisha kupotea kwa ajili ya taa hii, basi taa iwe kweli. Sikujua kwamba ingeomba na wa pili. Ilipoomba, nilikuwa nimekwisha kunyamaza muda mrefu mno." Akamtazama shemeji yake. "Niliujaribu ulimi siku ile mlangoni. Sikuwa nao. Mimi jina langu msiliandike. Lakini mkinipa haki ya kutaja, namtaja Taresia."

"Usimtaje!" Mama Taresia alisema, na sasa ndipo sauti yake ilipopanda hadi darini, kwenye ile dari safi isiyo na moshi. "Akipata kwa haki yangu, atalala. Akipata kwa haki yako, mwacheni shambani!"

Naye Desideri, aliyekuwa hajui mpaka siku ile kwamba kuna siri iliyotunzwa kwa ajili yake, alijifunika uso. Alikuwa ametunziwa moyo wake kwa uhai wa mtoto wa mwenzake, na hakuna aliyemwuliza kama alitaka.

Askofu alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyoahidi. Kisha akasema atalitafakari. Alilitafakari mpaka akafa, akazikwa nje, katika makaburi ya watu wote, kwa ombi lake. Jiwe likawekwa kulia kwa altare, tupu.

Baada yake wakaja maaskofu wengine, wazungu kwanza, kisha wana wa nchi. Nitawatendea haki: walijenga hospitali, walijenga shule, mmoja alileta maji ya bomba. Lakini kila mmoja alipoulizwa juu ya lile jiwe aliunda kamati. Kamati zikakaa, zikanywa chai, zikapendekeza kamati nyingine. Desideri alikufa akiwa katekista bado. Zenobi alikufa akiwa mtunza sakristia, na hakuna aliyemsikia akisema tena zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Mama Taresia aliishi kuliko wote, na jioni ya mwisho aliyoweza kutembea, alionekana akielekea mwisho wa shamba, amebeba miiba.

Sasa kanisa kuu linatiwa sakafu mpya. Vigae vimekwisha kushushwa, na askofu wa leo, ambaye ni mtu wa haraka, amesema jiwe lile lichongwe jina au lifunikwe pamoja na sakafu nyingine, na habari iishe. Wa ukoo wa Desideri wamekuja. Wa upande wa mjane wamekuja. Wa Zenobi hawapo, hakuacha mtu, ila wazee wa kwaya wanamsemea. Wanabishana hapo uani tangu asubuhi.

Usije ukaniambia "wote watatu". Kiapo kilisema jina moja, na kila mmoja kati ya hao alilipa kitu kisichogawanyika. Usije ukaniambia "aliyekosea ni Askofu". Hilo najua, hata yeye alilijua, na halimpi mtu mahali pa kulala. Usije ukaniambia "Mungu ndiye ajuaye". Mungu hakuulizwa. Umeulizwa wewe.

Aliyeiokoa nyumba kwa neno moja na kimya kimoja, akamtaja Blasio? Aliyeilisha taa kwa kinywa cha mwanawe, akamtaja Taresia? Au aliyejua hakuna kitu, akalinda kila kitu, na msamaha akanyimwa?

Fundi anachanganya saruji. Anakutazama. Je, utamwambia achonge jina la nani, na ukishamwambia, utakwenda kumweleza nani kati ya hao wengine?